Ghazali hakukataa kwamba moto unaunguza

Kwenye baraza za Mji Mkongwe, falsafa ikitajwa, haichukui muda mtu akasema: "Ghazali ndiye aliyeiua." Kauli hiyo ni nyepesi kubeba, na inamdhulumu mwanachuoni mkubwa. Ukitaka kumsoma kwa haki, shika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, cha mwaka 1095, wala usiruke utangulizi. Humo anasema wazi: anayepinga kwa jina la dini hesabu za wanafalaki za kupatwa kwa jua na mwezi, dini ndiyo anayoidhuru. Asiyezisoma kurasa hizo hudhani vita ni dhidi ya elimu yote. Kumbe masuala anayowapinga wanafalsafa ni 20, na matatu tu ndiyo anayoyahukumia ukafiri: ukale wa ulimwengu (kwamba hauna mwanzo), kwamba Mungu hajui vitu kimoja kimoja ila kwa ujumla, na kukanusha kufufuliwa kwa miili.

Linaloharibiwa zaidi ni suala la 17, la sababu na matokeo, kwa mfano wa moto na pamba. Chukua daftari, ukurasa mmoja uugawe mara nne: anamjibu nani, huyo anadai nini, Ghazali anakanusha nini, anakubali nini. Anaowajibu ni wafuasi wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina akiwa mbele. Wao wanadai moto, kwa tabia yake, hauna budi kuunguza. Yeye anakanusha ule ulazima: jicho linaiona pamba ikiungua inapokutana na moto, halioni kwamba moto ndio mtendaji. Kwamba pamba huungua, anakubali. Sehemu hii ya nne ndiyo watu huiacha tupu, na hapo ndipo kauli mbiu ya "alikanusha sababu" inapoingia.

Endelea kusoma, kwani pingamizi kali analileta mwenyewe: basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani asishangae akirudi kukikuta kimegeuka kijana? Anajibu kwamba Mungu ametuumbia ujuzi kuwa mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei. Kisha analeta jibu la pili, ambamo anakubali kuwa moto umeumbwa kwa namna ya kuunguza pamba mbili zinazofanana bila kuzibagua. Majibu haya hayakai katika sentensi moja, na wasomi hadi leo wanabishana lipi hasa ni msimamo wake. Yaandike yote mawili, usichague mapema.

Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu katika kitabu chake Tahafut al-Tahafut. Kabla hujaifungua, andika wewe ungemjibuje Ghazali. Ukikwama, rudi kwenye sehemu ya tatu ya ukurasa wako: mara nyingi utakuta umeandika "anakanusha sababu" tu, neno la ulazima umelisahau.