Hasira nimezaliwa nazo: je, nimwombe radhi kijana niliyempiga?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni msimamizi wa gereji. Wiki iliyopita kijana anayejifunza ufundi kwangu alikaza boliti ya silinda hedi mpaka ikakatikia ndani. Nilimtukana mbele ya wateja, nikamzaba kofi na kumfukuza bila kumlipa siku zake nne. Tangu hapo sipati usingizi. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue: hasira nimeumbwa nazo, na mkubwa akimwomba radhi mtoto, heshima yake kazini imekwisha. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Ndugu yangu, huko kukosa usingizi ni kheri, usikuchukie. Hukumu ni fupi: kumwomba radhi ni wajibu, na ujira wake ni deni lililo shingoni mwako. Suala la boliti ni lingine, halikupi ruhusa ya kushika jasho lake. Mtume ﷺ amesema, kama alivyopokea Bukhari, kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu kingine, ajivue na dhulma hiyo leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Rafiki yako anaililia heshima yako, hali hadithi inazungumzia heshima ya yule kijana.

Maneno yake mengine ndiyo yanayonikera, kwani nayasikia hata barazani kwa watu wenye ndevu nyeupe. "Ndivyo nilivyoumbwa!" Haya, boliti ile ingekatwa na mwenye gari mwenyewe, ungemzaba kofi? Askari wa barabarani akikukaripia, mkono wako huinuka? Hauinuki. Basi hasira hiyo ina macho, inamjua wa kupigwa na wa kunyenyekewa. Jambo linalochagua watu namna hiyo usilisingizie maumbile.

Rafiki yako atakwambia kuwa Ashajj wa kabila la Abdul-Qays aliambiwa na Mtume ﷺ kuwa ana sifa mbili anazozipenda Allah, upole na utulivu, na katika riwaya ya Abu Daud ikaelezwa kuwa ameumbwa nazo. Ni kweli, watu hawakuumbwa sawa. Lakini yule mtu aliyemwomba Mtume ﷺ wasia akaambiwa "usighadhibike", akarudia kuomba na jibu likawa lile lile, aliamrishwa jambo analoliweza. Na katika Bukhari na Muslim imekuja kwamba mwenye kujilazimisha subira, Allah humpa subira. Asiyezaliwa nayo huianza kwa kujilazimisha.

Soma kisa cha Abu Mas'ud katika Sahihi Muslim. Alikuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake, "Jua, ewe Abu Mas'ud!" Anasema mwenyewe kuwa hakuitambua sauti ile kwa sababu ya ghadhabu. Sauti ya Mtume ﷺ, ndugu yangu! Swahaba, na hasira ikamziba masikio hata asiijue. Akaambiwa kuwa Allah ana uwezo juu yake zaidi ya alio nao yeye juu ya kijana yule. Akamwacha huru papo hapo, wala hakusema "nimeumbwa hivi".

Na hasara imeingia hata kwenye kazi yako. Kijana anayeogopa kofi hatakuja kukwambia amekosea. Atafunika, gari litatoka, na boliti iliyofichwa itamkuta mwenye gari mteremkoni na familia yake. Huyu wako alikosea mbele ya macho yako, na hiyo ni neema.

Mtume ﷺ amekataza hakimu asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika, na wanazuoni wakaingiza humo njaa, kiu na usingizi. Wewe nawe ni hakimu wa vijana wako. Usimfukuze mtu wala kumkata ujira siku hiyo hiyo uliyokasirika. Ukighadhibika nawe umesimama, keti. Na kula mchana, kwani mafundi wengi mnashinda na chai mpaka alasiri, kisha mnashangaa damu ikichemka.

Nenda kwake na fedha mkononi, umlipe kwanza. Mwambie, "Nimekukosea, nisamehe," bila kuongeza neno "lakini". Ulimtukana hadharani, basi mafundi wenzake nao wasikie radhi hiyo. Akikataa kurudi gereji, usimlazimishe. Mwombee dua na mtafutie fundi mwingine wa kumaliza kumfundisha.