Nenda Ukamsikilize Mzee Akiimba Peke Yake

Wiki iliyopita, saa tano za usiku, kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, aliniandikia. Bendi yao imesambaratika. Mwimbaji amekwenda Qatar kutafuta riziki, mpiga ngoma ameoa na mkewe hataki kusikia habari za kukesha, na yeye amebaki na gitaa pamoja na spika ambayo deni lake hajalimaliza. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, niliuze gitaa?"

Nilimjibu papo hapo: usiliuze. Lakini mtu aliyeachwa hatoshelezwi na neno moja, na najua wengi wenu mna gitaa, kinanda au daftari la nyimbo lililolala juu ya kabati likingoja uamuzi. Mimi langu nililitia sokoni kabisa. Nililipiga picha, nikaandika bei, nikapata mteja wa Kongowea aliyetaka nimpunguzie elfu mbili. Kilichonizuia ni usiku mmoja katika ukumbi mdogo wa Tudor, nikimtazama mzee aliyepita miaka sabini akiimba roki peke yake, bila bendi.

Nianze na yaliyonifikisha pale.

Tulikuwa wanne. Miaka kumi na moja tulipiga hoteli za pwani ya kaskazini, kuanzia Nyali hadi Shanzu, Jumanne na Ijumaa, na msimu wa wageni ukishika tulipiga hata siku tano kwa wiki. Wageni walitaka roki ya zamani, ile ya miaka ya sabini, nasi tulikuwa tukiipiga vizuri, nasema bila haya. Katikati tulichomeka nyimbo zetu za Kiswahili. Zilikuwa saba, na tano nilizitunga mimi.

Kisha meneja akaniita, akasema hoteli sasa itamchukua mtu mmoja mwenye kinanda ambacho ngoma na besi zimo ndani yake. Hilo nililimeza, hoteli si yangu. Nililoshindwa kulimeza ni jingine. Wiki tatu baadaye nilitumiwa video. Wenzangu watatu wako Diani, jukwaani, na mwimbaji mpya, kijana mwenye sauti nyembamba ya juu, anaimba wimbo nilioutunga nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama. Hakuna aliyeniambia. Mpiga besi tulikuwa ndugu; mwanawe nilimbeba mimi siku ya arubaini. Nilimpigia simu mara sita. Hakushika.

Bado yaniuma. Siandiki haya kwa sababu nimepoa.

Miezi minane iliyofuata nilikaa dukani kwa shemeji nikiuza rangi na misumari. Gitaa sikuligusa.

Ni shemeji huyo aliyeninunulia tiketi, shilingi mia nane, akaniambia nikapunge upepo. Nilikwenda shingo upande. Jina la mzee nalijua tangu utotoni, ila sitaliandika, kwa kuwa usiku ule alituomba tusimpige picha wala kumtangaza mitandaoni. Mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi na kaka yangu tulikuwa tukikaa mchangani nje ya ua wa hoteli, Bamburi, tukimsikiliza bure. Alivaa suruali ya ngozi katika joto letu hili, na akipandisha sauti hata wauza madafu walinyamaza.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki vipatavyo sitini, na nusu yake vilikuwa vitupu. Jukwaani stuli moja, gitaa kavu lisilo la umeme, maiki moja, na chupa ya chai ya tangawizi sakafuni. Nilichungulia nyuma ya pazia nikitafuta ngoma na amplifaya. Hazikuwako. Akatoka amevaa shati jeupe na kikoi, akaketi, akaanza bila salamu.

Wimbo wa kwanza uliniogopesha. Ulikuwa ule ule wa mchangani, wenye ukelele, na alipofika mahali pa ukelele hakupanda. Alishuka. Mtu nyuma yangu akaguna. Mzee akaumaliza wimbo, akanywa chai, akasema: "Sauti ya juu mliyoizoea imekwenda na umri. Hii iliyobaki nimeifanyia mazoezi miezi sita, na ndiyo niliyowaletea leo." Hakuomba radhi. Akaanza wa pili.

Hapo ndipo nilipoketi wima. Alikuwa amelegeza nyuzi zote sita, gitaa likanguruma chini kama mbao za jahazi likikata mkondo, na maneno ambayo zamani yalifunikwa na ngoma yakawa wazi, moja moja. Wimbo huo wa pili niliuimba mwenyewe hotelini miaka yote kumi na moja. Usiku ule ndio kwanza nikatambua kwamba unamhusu mtu aliyetoka kwao usiku bila kuaga. Nilikuwa nikiupigia makelele watu wakinywa bia, na siku hata moja sikuusikiliza.

Kati ya nyimbo alizungumza. Alieleza walivyokuwa wakivusha amplifaya kwa mkokoteni kwenye daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, kabla ya hili la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Alieleza mabaharia wa manowari za Marekani walivyokuwa wakishuka Kilindini miaka ya themanini na kanda za roki mifukoni, vijana wa bendi wakibadilishana nao kwa vinyago, kisha wakikesha kuirudisha kanda nyuma mara ishirini ili wanase neno moja la Kiingereza lililowaponyoka. Wenzao wa bendi ya Them Mushrooms, walioanza Mombasa mwaka 1972, walipata njia yao kwa kuchanganya chakacha na rege. Yeye alishikilia roki, na watu wakamwambia anaiga wazungu.

"Chuck Berry, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa walioianza roki, alikuwa mzungu?" akatuuliza. "Na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa wapi?"

Ukumbi mzima ukajibu: Unguja!

"Mwaka 1946," akasema, akaendelea kuimba.

Wimbo wa sita uzi ukakatika. Ulikuwa uzi wa kwanza, ule mwembamba. Upepo wetu wa bahari una chumvi, hula nyuzi kama mchwa alavyo mbao. Mkiwa bendi, uzi ukikatika besi na ngoma huendelea, nawe wageuka kidogo na hakuna ajuaye. Yeye hakuwa na wa kumfunika. Tumbo likanikaza kana kwamba ni mimi niliye pale juu. Akatoa uzi mpya mfukoni mwa shati, akaanza kuufunga, na huku mikono ikishughulika akaimba kwa sauti tupu wimbo wa kubembeleza mtoto, aliosema aliimbiwa na bibi yake. Dakika nne hivi. Hakuna aliyekohoa. Alipokwisha kuukaza uzi akaupima kwa sikio, akarudi pale pale wimbo wa sita ulipokatikia, katikati ya ubeti.

Nililia, wala sioni haya kusema.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu, waimba wewe? Nikamwambia bendi yetu ilivunjika. Akanitazama.

"Sikukuuliza bendi."

Akanipa siku: Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake, nije na gitaa. Nikiwa kwenye tuktuk narudi Mishomoroni nilitoa simu nikaifuta ile picha na bei yake.

Jumamosi zikawa nyingi, na sehemu kubwa ilikuwa kurudia jambo moja hadi vidole vife ganzi, sitawachosha nayo. Niliyoyachuma ni haya. Shusha wimbo. Umri ukisogea nyuzi za sauti hukakamaa na pumzi hupungua, hilo halina dawa, kwa hiyo tafuta mahali sauti yako inapokaa leo, uimbe hapo. Badilisha nyuzi za gitaa kila mwezi ukiwa mtu wa pwani, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na akiba iwe mfukoni, usiiache kwenye mkoba nyuma ya jukwaa. Nyimbo kumi na mbili zatosha kwa usiku mmoja. Jua utakalosema kati ya nyimbo, maana kimya cha mtu mmoja ni kirefu kuliko kimya cha bendi. Na shusha wimbo. Narudia kwa sababu najua hamtaushusha, mtaona aibu, kama nilivyoona mimi, mtajikaza koo hadi mtoke damu ili asiwepo wa kusema umezeeka.

Kubwa zaidi, nendeni mkawaone wazee wakiimba. Nunueni tiketi, kaeni mstari wa mbele, muitazame mikono yao. Tunalipa elfu tatu kumwona kijana akifungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa, na mzee wa mtaani kwetu aliyelijenga jukwaa lile lile anaimbia viti vitupu kwa mia nane. Halafu akifa tunaweka picha yake na mishumaa. Ni dhambi, nami nimo, kwa sababu bila shemeji nisingekwenda.

Wala msiniambie ukumbi mdogo ni kushuka hadhi. Bruce Springsteen, mwanaroki wa Marekani aliyejaza viwanja vya mpira dunia nzima, akiwa na miaka 68 aliingia ukumbi wa Walter Kerr pale New York, usiofika viti elfu moja, yeye na gitaa na piano, mkewe akimsindikiza kwa nyimbo mbili tu. Aliimba hivyo mara 236, kuanzia Oktoba 2017 hadi Desemba 2018. Chuck Berry mwenyewe, tangu 1996 hadi 2014, alirudi karibu kila mwezi kwenye chumba cha chini cha mkahawa mmoja mjini kwao St. Louis, mara 209, akaacha akikaribia miaka 88. Hao ndio walioianza na kuikuza roki. Wewe na mimi, ambao hata Mombasa yetu haijamaliza kutujua, twasema watu thelathini ni wachache?

Mungu alipokupa sauti hakuigawa kwa wanne. Walioondoka wameondoka na besi, na ngoma, pengine na wimbo wako pia, kama walivyoondoka na wangu. Koo wamekuachia. Acha kungoja simu ya watu ambao hawatapiga. Acha kuangalia video zao usiku wa manane. Mimi niliangalia ile ya Diani hadi nikaijua kila sekunde, na haikunifundisha hata kodi moja ya gitaa.

Mwezi uliopita niliimba peke yangu kwa mara ya kwanza, katika mkahawa mmoja wa Mtwapa. Stuli, maiki, gitaa kavu. Waliolipa walikuwa ishirini na saba; niliwahesabu kutoka jikoni nikisubiri kutoka. Mikono ilitetemeka nyimbo tatu nzima, kisha ikatulia. Wimbo wa ngazini kwa mama niliuweka wa mwisho, nimeushusha hadi pale ambapo yule kijana wa Diani hawezi kufika, na mama mmoja meza ya kando aliinamisha kichwa tangu ubeti wa kwanza hadi mwisho. Mzee alikuwapo, kiti cha nyuma, na kikoi chake.

Mpiga besi nilimtumia tiketi siku kumi kabla. Ujumbe aliusoma, hakujibu. Kiti chake nilikiweka mbele karibu na spika, na mwenye mkahawa alipotaka kumkalisha mtu mwingine nilikataa.

Sasa wewe wa Likoni. Jumamosi hii saa tatu asubuhi nitakuwa kwa mzee, na habari zako nimeshampa. Vuka na feri ya mapema, kabla foleni haijajaa. Njoo na gitaa, spika iache nyumbani, na njiani ununue nyuzi mpya, seti mbili.