Maswali ya Wasomaji: Chaja Imeingia, Lakini Je Ni Yake?

Mwezi huu mmenijaza maswali ya chaja za vinanda na mashine za biti, nimechukua machache ambayo naona yanawagusa wengi. Kuna watakaonisahihisha kwamba ile inaitwa adapta na chaja ni ya simu, sawa, ila dukani ukisema chaja unapewa, kwa hiyo tuendelee.

Fundi habari za kazi. Kwaya yetu hapa Mbeya tuna Yamaha PSR-E453, chaja yake ilipotea wakati tunahama ukumbi. Kijana mmoja akaleta chaja ya ruta ya intaneti, imeandikwa 12V kama kinanda, ikaingia na kinanda kikawaka vizuri tu. Ila tukiweka midundo na kupandisha sauti kinazima chenyewe halafu kinawaka tena. Kimeharibika? Na duka la kamera za ulinzi wanatuuzia ya 12V 5A, tunaogopa kukiunguza.

Kinanda chenu kizima, msimpe mtu akifungue. Chaja ya ruta nyingi ni nusu ampea au ampea moja tu (ampea, ile A kwenye lebo, ni kiasi cha umeme chaja inachoweza kutoa), na kinanda hicho Yamaha wenyewe wanakipa chaja ya PA-150 ambayo ni 12V ampea 1.5, sasa mkipiga taratibu umeme unatosha lakini besi ikigonga na sauti iko juu spika zinavuta zaidi, chaja inazidiwa, volti zinaporomoka na kinanda kinazima. Ukishika hiyo chaja utakuta imechemka. Msiendelee nayo.

Hiyo ya 5A wala msiiogope. Hapa ndipo watu wanapochanganya: volti ni lazima zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Kinanda kinachukua ampea kinazohitaji basi, sufuria kubwa halimlazimishi mgeni ale zaidi. Ila hamhitaji kulipia 5A, ya 2A inatosha kabisa. Muhimu muangalie kwenye lebo ya chaja kama kimchoro chake kinaonyesha chanya iko katikati ya plagi (alama yenyewe nimeieleza hapo chini), maana Yamaha hizi zinataka chanya ndani, na chaja za kamera kwa kawaida ziko hivyo hivyo lakini angalia kabla hujalipa.

Halafu kwaya zingine msome na mkae hapo hapo, msikimbilie 12V kwa sababu tu na nyie mna Yamaha. PSR-S670 kwa mfano ni 16V, chaja yake ni PA-300C. Na kuna mtu atakwambia chukua ya laptop, ya laptop nyingi ni 19V, usithubutu.

Niaje fundi, niko Nairobi natengeneza biti. Niko na Roland SP-404SX na juzi nimepata mashine ndogo ya ngoma, Korg volca beats, mkononi, haina chaja. Zote mbili zimeandikwa 9V na plagi ni kama inatoshea. Naeza tumia moja kwa zote?

Usiingize! Nashukuru umeuliza kwanza. Volti ni zile zile lakini zimegeuzwa: Roland wanaweka hasi katikati, Korg volca inataka chanya katikati (chaja yake ni KA-350, 9V ampea 1.7). Pedali za gitaa za Boss nazo ni hasi katikati, na huo ndio umekuwa utaratibu wa pedali nyingi. Kwa hiyo mtu mwenye pedali na volca mezani ana chaja mbili za 9V zinazofanana sura na moja inaweza kuua kifaa cha mwenzake. Na usidhani kampuni moja basi zote ziko sawa, Casio za zamani zilizokuja na AD-5 ni 9V hasi katikati, zilizofuata za AD-E95100L ni 9.5V chanya katikati. Jina lile lile mbele ya kinanda, ndani kinyume.

Alama yenyewe iko hivi: kidoti katikati, kimezungukwa na nusu duara, kila kimoja kina mstari unaokwenda kwenye + au −. Kidoti ndio ncha ya ndani. Fananisha ya kwenye kifaa na ya kwenye chaja. Kama lebo imefutika, chukua mita, weka DC 20, waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi uguse chuma cha nje. Namba ikija bila alama ya kutoa, chanya iko ndani. Ikija na alama ya kutoa, hasi iko ndani. Zile chaja za zamani nzito kama tofali zitakuonyesha hata 12 au 13 wakati zimeandikwa 9, ni kwa sababu hazina mzigo, lakini mimi kwenye mashine ya biti nisingeziweka.

Na kama kuna mtu alishaingiza kinyume na kifaa kimenyamaza, asikitupe. Vifaa vingi vina daiodi ya ulinzi (kipuri kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) pale mlangoni, wakati mwingine ndiyo inayojitoa mhanga, na daiodi ni kitu cha bei ndogo sana kwa fundi anayejua kulehemu. Kwa volca jaribu kwanza betri sita za AA, ikiwaka ujue shida iko kwenye njia ya chaja tu.

Nina Line 6 POD 2.0, kile kifaa cha kubadilisha sauti ya gitaa, chaja yake imeandikwa OUTPUT 9V AC. Fundi wa mtaani kaniambia wamekosea kuandika, chaja zote zinatoa DC. Kweli?

Hapana, hawajakosea, POD 2.0 inakula AC kweli, yaani umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, sio DC unaokwenda upande mmoja. Mixer ndogo nyingi za Behringer pia ziko hivyo, ndio maana zile zinakuja na plagi ya pini tatu ya peke yake. Ndani ya kifaa ndio wanatengeneza umeme wa chanya na wa hasi kwa ajili ya sauti. Kwenye lebo AC ni kimstari cha wimbi (~), DC ni mstari ulionyooka na vistari vifupi chini yake. Ukiweka DC kwenye POD haitafanya kazi yake. Lakini ukichukua chaja hiyo ya POD ukaiweka kwenye kifaa cha DC, hapo ndio utanusa moshi. Ifunge utepe mwekundu kabisa.

Shangazi ananiletea kinanda kutoka Marekani, nitakitumia Tanga. Nibadilishe plagi tu?

Soma INPUT kwenye chaja. Ikiwa 100-240V 50/60Hz, badili plagi tu. Ikiwa 120V peke yake, usiichomeke kwenye 230V ya hapa, nunua chaja nyingine yenye output ile ile. Kama kinanda hakina chaja ya nje na nyuma kimeandikwa 120V, hapo unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na pima uzito wake na bei yake kabla shangazi hajalipia mzigo.

Ile chaja yenye swichi ya kuchagua 3V mpaka 12V na plagi nyingi inafaa?

Kwa dharura inafaa, ila nyingi zina ampea kidogo, na ile plagi ya kuchomoa unaweza kuigeuza chanya ikawa hasi bila kujua. Ukishapima na mita ikawa sawa, gundisha plagi na swichi kwa utepe, maana mtoto akipita akaisogeza kutoka 9 kwenda 12 hutajua mpaka uwashe.