Mwanangu, sio kila damu nyingi ni kutolewa kizazi

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unasema hedhi inaenda siku 10, ultrasaundi imeonyesha fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, na unaniuliza hivi lazima utolewe kizazi kama mimi. Hapana mama. Mimi nilikuwa na miaka 38, asubuhi moja nikaletewa karatasi nisaini, hakuna hata mmoja aliyekaa akanieleza kama kuna njia nyingine, na mpaka leo linaniuma, ndo maana sitaki na wewe uende kichwa kichwa.

Kwanza wakupime mimba, hata kama una uhakika huna, alafu wingi wa damu. Mwanamke asiye na mimba HB, yaani hicho kipimo cha wingi wa damu, inatakiwa ianzie 12, sasa hicho kizunguzungu ukipanda ngazi za daraja pale Manzese mi naona damu imeshashuka. Wakikupa vidonge vya madini chuma usimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, meza na chungwa.

Na mwambie daktari mapemaa kwamba unataka kuzaa, kabla hajaandika chochote! Kuna traneksamiki, dawa ya kupunguza damu, unameza zile siku za damu tu na haizuii mimba. Ibuprofeni nayo inapunguza damu kiasi na maumivu. Kuna vidonge vya majira, na kuna kitanzi chenye homoni, hiki kinapunguza damu sana na ukitaka mtoto kinatolewa tu, ila kama uvimbe umeingia ndani ya mfuko wa uzazi kinaweza kudondoka, kwahiyo uliza uvimbe wako umekaa wapi na una ukubwa gani. Shangazi yako aliganda damu mguuni, hilo usisahau kulisema maana traneksamiki na vidonge vya majira sio vya kila mtu. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji wa kutoa uvimbe wenyewe kizazi kikabaki, japo uvimbe mwingine huwa unarudi.

Ila ukiona pedi inajaa ndani ya saa moja, na inayofuata hivohivo, au unataka kuzimia, usinisubiri mimi wala foleni ya kesho, chukua bajaji uende hospitali usiku huohuo.

Jumanne natoka Mbagala alfajiri, saa moja niko kwako twende wote. Maswali yako andika kwenye daftari, ya kwangu nishaandika.

Mama yako