Mkono Ukifa Ganzi Usiku: Kwa Mnaoanza Kazi ya Cherehani

Wanangu mnaoingia kwenye ushonaji mwaka huu, mtafundishwa kupima, kukata, kuunga na kupiga pindo. Habari za mkono hakuna atakayewafundisha. Naziandika mimi kwa sababu nilichelewa, na kuchelewa kwangu kumenigharimu hisia ya ncha ya kidole.

Nashona Kibokoni, hapa Mombasa, mwaka wa 23 sasa, zaidi mabuibui na madera. Shaaban ikiingia, oda za Idd hujaa mpaka tunakula tukiwa tumeshika makasi. Ni msimu mmoja kama huo nilipoanza kuamka saa tisa za usiku, mkono wa kulia umekufa ganzi, dole gumba, cha shahada na cha kati vinawaka kama vimetiwa pilipili. Naushusha kando ya kitanda, naukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, ganzi inatoka, nalala tena. Asubuhi niko sawa, nashona. Nilikaa hivyo miaka miwili.

Niliambiwa ni upepo, nikakandwa kwa mafuta ya moto. Duka moja la dawa likanipa vidonge vya maumivu. Kliniki moja ikanidunga sindano za vitamini wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeniuliza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Vidonge vile haviondoi kinachobana. Na hizo vitamini msizizoee: B6 ikizidi sana mwilini, yenyewe huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu.

Ugonjwa huu hospitalini huitwa sindromu ya handaki la kapali. Mshonaji hahitaji mchoro kuuelewa. Chukua upindo wa kiuno cha suruali, ule wa kupitishia lastiki. Kwenye kifundo cha mkono mna upindo kama huo: chini na pembeni ni mifupa midogo, juu ni utando mgumu usiovutika. Ndani yake mnapita kano 9 zinazokunja vidole, na katikati yao neva moja. Kano zikivimba, upindo haupanuki. Anayebanwa ni yule aliye laini kuliko wote, yaani neva. Usiku tunalala tumekunja vifundo, upindo unazidi kubana, ndiyo maana mkono hutuamsha.

Neva hiyo inahudumia dole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayoelekea cha kati. Kidole cha mwisho hakimo. Basi ukiamka, washa taa uviguse kimoja kimoja. Kama kinachokufa ganzi ni kidole cha mwisho, neva iliyobanwa ni nyingine, mara nyingi kwenye kiwiko. Kama ganzi inaanzia shingoni na kushuka, mwambie daktari hivyo hivyo. Na kama mkono umelegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukokotana, usingoje asubuhi, hicho huenda ni kiharusi na dakika zina thamani.

Kuna kipimo unachoweza kujifanyia sasa hivi. Gusanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo dakika moja. Kimepewa jina la Phalen, daktari wa mikono wa Marekani. Vidole vile vikianza kuchoma kabla ya dakika kwisha, nenda ukaonwe. Si hukumu ya mwisho, kwani wapo wagonjwa ambao hakiwaonyeshi kitu. Hospitalini wanaweza kupima neva kwa umeme, waone ujumbe unavyopungua kasi ukifika kwenye kifundo.

Msilaumu cherehani peke yake. Jirani yangu hajawahi kushika sindano, akapata ganzi hiyo hiyo akiwa na mimba ya miezi minane. Alipojifungua, ikaisha. Kisukari huleta, tezi ya shingo iliyolegea huleta, baridi yabisi huleta, hata mfupa wa kifundo uliowahi kuvunjika. Kwa hiyo ombeni kupimwa sukari, msione daktari anawazungusha.

Lakini kazi yetu nayo ina sehemu yake, na hapa nataka mnisikilize sana. Kinachoumiza zaidi ni nguvu, kukunja kifundo, na kurudia, vyote vitatu kwa pamoja. Nani anavifanya vyote? Anayekata. Nilikuwa nakunja kitambaa cha buibui tabaka kumi, nakaza makasi butu kifundo kikiwa kimepinda ukingoni mwa meza. Msichana ninayemfundisha sasa nampa tabaka nne tu, na makasi yanakwenda kwa fundi wa kunoa kabla hayajaanza kutafuna kitambaa. Meza ya kukatia tumeiinua kwa vipande vya mbao hadi chini kidogo ya kiwiko, ili kifundo kinyooke, nguvu itoke begani. Makasi yasiyoingiza vidole vyote vinne kwenye tundu kubwa si ya kazi ya kutwa. Tukimaliza kukata nguo tatu, anakwenda kupiga pasi au kutia vifungo, halafu anarudi. Wateja wananuna, oda inachelewa siku moja. Nimekubali.

Tiba ya kwanza ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: banzi la mkono, lile lenye bapa gumu ndani, livaliwe usiku kifundo kikiwa kimenyooka, wiki 6 bila kuruka. Bandeji ya kuvutika ya kujizungushia si banzi, ukiikaza unajibana zaidi. Ikiwa bado, daktari anaweza kudunga sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pale pale kwenye kifundo. Huwapa wengi nafuu ya wiki au miezi, ingawa kwa baadhi hurudi. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, maana sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Mimi nilifika nikiwa nimeshavuka hatua hizo. Makasi yalikuwa yananiponyoka mchana kweupe. Daktari akaniwekea viganja viwili sambamba, akanionyesha: chini ya dole gumba la kushoto pameumuka kama hamri, la kulia pamebonyea. Msuli ulikuwa umekonda kwa kukosa neva. Nililia pale pale kitini.

Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Mkono ulitiwa ganzi, mimi niko macho, nasikia kuvutwa bila kuumia. Kinachokatwa ni ule utando wa juu, upindo ufunguke. Jioni nilikuwa nyumbani, nikaambiwa nikunje na kunyoosha vidole tangu siku ile ile. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki 2. Kuwaka kwa usiku kulikoma mara moja, alhamdulillahi. Nguvu ya kukaza ilichukua miezi, na pembeni mwa kovu paliuma kila nikiegemeza kiganja mezani. Ncha ya kidole cha kati haijarudi. Hariri na pamba siwezi kuvitofautisha kwa kidole hicho, nageuza natumia cha kushoto.

Basi kwenye daftari lenu la vipimo vya wateja, acheni ukurasa wa nyuma mtupu. Ganzi ikija, andika tarehe, saa, ni vidole vipi, siku hiyo ulikata nini, na kama ilitoka kwa kukung'uta. Ukishaamka usiku mara tatu kwa mwezi, nunua banzi na upange siku ya kliniki. Ganzi ikiacha kutoka hata ukikung'uta, au kifungo kikianza kukuponyoka, usipange siku, nenda kesho yake na daftari lako mkononi.