Viinitete vilivyogandishwa si makombo
Dada, umeuliza kama viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) vya barafuni ni hafifu kuliko vibichi, yaani visivyogandishwa, kwa kuwa mayai yenyewe ni ya kuchangiwa. La. Kinachoamua zaidi ni umri wa aliyetoa mayai. Akiwa na miaka 25, kiinitete kinabaki cha mayai ya miaka 25 hata kikikaa miaka mitano kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, si jambo la jana. Siku hizi hugandishwa kwa kasi mno, barafu isipate nafasi ya kutoboa seli, na maabara nzuri huokoa zaidi ya tisa katika kila kumi.

Faida utaiona kwenye kalenda. Vibichi vinawalazimisha wewe na mchangiaji mwende sambamba, akichelewa siku mbili mambo yanavurugika. Vya barafuni vinakungoja: unatumia homoni ya estrojeni mpaka ukuta wa mji wa mimba unenepe, kisha homoni ya projesteroni siku tano hivi, ndipo kiinitete cha siku ya tano tangu kurutubishwa kiwekwe.

Ila usiache dawa eti kwa sababu kipimo kimeonyesha mimba! Kwa njia hii ya dawa hukupevusha yai, ovari hazikutengenezei projesteroni. Utaendelea mpaka wiki ya 10 au 12, daktari ndiye aseme basi.

Na uliza mapema ada ya kuhifadhi kwa mwaka. Wengi huikumbuka bili ikishafika.