Kuhusu yule kijana wa stendi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini jana stendi, kijana alipopigwa kwa kuitiwa mwizi wa simu, wewe niliyekulea hata paka usimpige ulisimama unatazama mpaka polisi wakafika. Unauliza kama una roho mbaya. Huna. Lakini kukosa, ulikosa.

Pale ulikuwa unawaangalia wenzako, nao wanakuangalia wewe. Kila mmoja akiona nyuso zimetulia, anadhani labda si kitu. Mwaka 1968 Latané na Darley, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lao: vijana wamekaa chumbani wanajaza fomu, moshi unaanza kupenya ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Kati ya waliokaa na watu wawili walioagizwa wasishtuke, alitoka mmoja kwa kila kumi. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaendelea kuandika.

Na wale waliokuwa wanapiga? Mchukue mmoja mmoja: muuza maji, kondakta, mzee aliyetoka kuswali. Nani kati yao angemtoa mtu roho kwa ajili ya simu wakiwa wawili tu uchochoroni? Lakini kila mtu alipiga teke lake moja, na teke moja haliui. Kesho yake gazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", jina lisilo na mwenyewe.

Hili sikukusimulia kabla. Mwaka 1994, sokoni, nilipiga kelele "Mpigeni!" pamoja na wengine. Nilifika baada ya ukelele. Sikuona kilichoibwa wala aliyeibiwa, na hata leo sijui kama yule mtu aliiba. Sauti ilinitoka tu, na wakati ule, mwanangu, nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Aliyemwokoa yule mtu wa sokoni ni mama ntilie mmoja. Hakuhubiri. Alimnyooshea mwiko kijana mmoja aliyeshika nondo, akamtaja mama yake kwa jina, akamuuliza kama anajua mwanawe yuko hapa. Yule kijana akatazama chini. Nondo ikashuka. Waliokuwa karibu naye wakaanza kujikung'uta vumbi, kama watu walioamshwa, na mimi nikaokota kikapu changu nikaondoka bila kumtazama mtu.

Kwa hiyo siku nyingine usipaze sauti kwa umati mzima, "jamani msaidieni", maana hapo hujamwambia mtu. Mshike mmoja kwa macho: "Kaka wa fulana nyekundu, piga 112." Kisha mwingine: "Dada, simama hapa na mimi." Mkiwa watatu, wengine watasogea. Kujirusha katikati peke yako sikutaki.

Umesema kijana yuko hai, amelazwa. Kesho Jumamosi huendi kazini. Ulizia wadi ya majeruhi, mpelekee uji kwenye chupa, umuulize jina lake. Ukirudi nipigie.

Mama yako